Birika Linalokoroma

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua birika la moka kwa mwuza vyombo vya mitumba. Alumini, pembe nane, limebanwa kiunoni. Maji hukaa chini, unga wa kahawa katikati, juu patupu. Moto husukuma maji yapande. Nimemwuliza mwuzaji: yapande kwa idhini ya nani? Amecheka. "Mzee, we washa tu."

Nimetia unga juu, kama majani ya chai. Tope! Alama mbili kati ya kumi. Kosa ni langu, lakini alama ni zake.

Daktari alinikataza kahawa mwaka jana, na binti yangu nilimwahidi kwamba sitaigusa. Kwa hiyo birika hili silitaji kwa mtu. Binti anatafuta sababu tu ya kunihamishia kwake. Chumba keshakipaka rangi. Ya waridi! Nyumba hii mimi nitaitoka nimebebwa.

Jumanne, 4 Machi

Limepanda! Kahawa nyeusi tii, nzito, chungu kiasi cha kuheshimika. Lakini mwishoni limekoroma — sauti ya mtu anayekata roho huku akibisha. Sita. Ningelipatia saba, nimelikata moja kwa utovu wa adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mkunga mstaafu, amenisimamisha langoni. Eti ananisikia kila alfajiri.

"Kifua hicho, Mwalimu! Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Pole jamani."

Nimemwambia kifua changu ni kizima. Akanipapasa mkono. "Ndivyo wasemavyo wote."

Wote gani? Huyu maisha yake yote amepokea watu wanaokuja, hao wanaoondoka amewajulia wapi?

Jioni binti amepiga simu. Analia. Mkunga kamfikishia habari, na chumvi juu. Nimesema siumwi, nayo ni kweli tupu. Hakuniuliza kama nina birika. Angeuliza, ningejibu.

Jumapili, 9 Machi

Ugunduzi! Moto mdogo, na birika liondolewe kabla halijakoroma. Kahawa laini, haikwaruzi koo. Tisa! Tena kimya kabisa. Nikaketi kunywa, nimetulia tuli. Nikajiona nimemaliza kazi.

Kikombe hakijafika nusu, mlango unatikisika. Mkunga, na nyuma yake fundi wa kufuli na mfuko wa tindo. Nimesukuma birika chini ya karai, nikafungua.

"Yu hai!" mkunga akapiga kelele, kisha akanigeuzia kibao. "Sasa mbona hukukoroma? Nimengoja, nimengoja, kimya. Nikajua Mwalimu katutoka!"

Fundi akauliza nani atamlipa.

Kumbe binti keshapigiwa. Amelia kazini, kwenye zamu ya Jumapili, mbele za watu hadi bosi wake akamruhusu aondoke. Amefika macho mekundu. "Baba, nimechoka kuishi roho juu. Jumamosi nakuja na daktari. Akikuta kifua kibovu, unahama siku hiyo hiyo. Akikuta kizima, sitakusumbua tena."

Nikimwambia ni birika, nimevunja ahadi. Atasema mzee huyu hawezi kuachwa peke yake. Nikinyamaza, kwao ninakufa. Nimenyamaza.

Jumatano, 12 Machi

Kila asubuhi sasa naliacha likorome hadi mwisho, ili jirani asilete fundi. Kahawa inaungua. Tano. Na ukutani sauti yake: "Pole, Mwalimu! Nakusikia!"

Leo nimejikuta nikijibu: "Ahsante."

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya msalani. Nimefunga mlango kwa ndani.

Wamekuja: binti, daktari, na mkunga kama shahidi. Daktari kanisikiliza mgongo, kanisikiliza kifua. "Vuta pumzi, mzee. Tena." Kisha akavua mipira masikioni. "Safi. Kama cha kijana."

Mkunga alikataa katakata. "Mmekuja saa mbaya! Huyu ni wa asubuhi!"

Lakini binti akashusha pumzi. "Basi, abaki," alisema. Alisema! Kwa kinywa chake, mbele ya daktari. Nikaomba radhi, nikaja huku nifurahi bila kuonekana.

Mkunga yuko jikoni, nyuma ya ukuta huu wa msala, anataka kuwapikia chai. Namsikia akijisemea: "Kibirika gani hiki? Afadhali, maji yamo tayari."

Ole wangu. Nililijaza mwenyewe, nijipongeze wakishaondoka.

Kiberiti. Hatua zake zinarudi sebuleni na vikombe.

Moto ameweka mkubwa, nasikia. Kosa lile lile la wote wanaoanza.

Linakoroma.

Wamekuja mbio mlangoni. Binti: "Baba! Baba, jibu!" Mkunga: "Si niliwaambia? Ndiyo hiyo! Ndiyo yenyewe!" Daktari ananiamuru nikae wima nifungue vifungo vya shati. Haamini masikio yake, maskini. Dakika chache zilizopita nilikuwa kijana.

Nikijibu, nitakuwa mtu mwenye sauti mbili kwa wakati mmoja. Nisipojibu, watavunja mlango. Binti analiita jina la mama yake.

Itakuwa chungu, hilo najua. Lakini harufu! Kwa haki siwezi kuinyima: kumi. Imepita chini ya mlango.

Huko nje nasikia nao wameanza kunusa.