Kamba ya Shimoni na Simu ya Ndege

Macalder, tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu Akinyi,

Leo nakuambia yote. Sisi wazima, na mbuzi amezaa mapacha.

Unauliza kwa nini simu yako ilinyamaza angani huku simu ya ndege ikiongea. Minara yetu ya simu huelekezwa chini, kwa watu. Ndege ina antena yake.

Nilipokuwa msichana wa shule, kaka yangu alikuwa ndani ya shimo la dhahabu, na mdomo wa shimo ukaanza kupasuka. Wanaume walimwita, sauti ikapotelea kwenye kona. Nikasema, vuteni kamba ya kiunoni mwake.

"Toka hapa, nyako, msichana wewe! Mwanamke akikaribia shimo, dhahabu hukimbia!" wakafoka wanaume.

Nikaivuta mwenyewe. Akapanda, mzima. Habari ile ilihitaji njia yake, kama ndege na antena yake, na sijaomba msamaha kwa kukaribia shimo hadi leo.

Sasa naambiwa mambo ya ndege si ya bibi kizee. Nijibu upesi: antena ya ndege yenu iliongea na setilaiti, au na minara ya chini inayotazama juu?

Dani yako