Vidonge vya Mama Mshonaji

Jumatatu, 3 Machi
Leo mchana nimepanga upya rafu ya dawa za moyo hapa famasi. Digoksini kali imepungua chupa moja. Ile hafifu ya mama mshonaji ipo palepale, haijaguswa. Kumbe Alhamisi nilimpa ile kali – nguvu mara nne. Kwa mkono wangu huu! Huku namtania kwamba harusi ya wifi yangu itapita gauni analonishonea bado lina pini.
Simu yake haipatikani.

Jumanne, 4 Machi
Kwake kumefungwa. Jirani kasema mwanawe alikuja kumchukua juzi. Anatapika, anaona kuta zote za manjano.
Manjano. Hiyo ni digoksini.
Chuoni swali la digoksini nililipata lote. Kila seli ya moyo ina pampu kwenye utando wake: sodiamu inaitoa nje, potasiamu inaivuta ndani. Havijiendei vyenyewe – ni kama kupandisha maji mlimani, na pampu inakula nguvu ya mwili kila sekunde. Digoksini kidogo huipunguza kasi, moyo ukapiga vizuri zaidi. Ikizidi, pampu zinasimama, potasiamu inabaki nje, moyo unapoteza mwendo.
Yote hayo nayajua. Alipo sijui.
Mume wangu kaniambia ninyamaze, wazee huugua. Kesho naanza kuzizunguka hospitali.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali ya nne ndiko aliko.
Nilimtajia daktari dawa, nguvu yake, siku. Walidhani ni tumbo. Na vidonge wamekuwa wakiendelea kumpa, kwa sababu mwanawe alikuja navyo – wakimpa! Wamesimamisha. Dawa ya kukata sumu hawana, imeagizwa mbali. Daktari kasema mwanawe nikamweleze mimi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nipo wodini, kwenye benchi. Mapigo ya moyo wake thelathini na nane kwa dakika. Dawa haijafika.
Mwanawe ni mtu mpole, hajalala. Kanipisha nikae, akaniuliza mimi ni nani kwa mama. Mama akafumbua macho, akatabasamu.
“Huyu ndiye mfamasia wangu,” akasema. “Mpe ile chupa aiangalie. Yeye atajua kilichoniharibu.”
Ninayo mapajani. Kibandiko kina mwandiko wangu. Mwanawe katoka kupokea simu, kaomba nisiondoke.
Namwona anarudi – nitaanza na kibandiko hiki.