Filta Kumi na Mbili za Mama

3 Machi

Jakuzi limesimama, mwanangu! Limejaa upepo, limejaa maji, limepata moto, na mimi mama yako nimeketi ndani yake hadi kidevuni, mapovu yananitekenya mgongo nikacheka peke yangu kama mwehu!

Haya, sasa nikusalimie kama mtu mzima. Hujambo baba? Kazi haijambo? Kile kikohozi chako kimekuacha? Huku sote wazima, ila shangazi yako na magoti yake. Mimi nina kiuno changu cha miaka thelathini ya kuinamia karai la kufulia nguo za watu, lakini tangu juzi kiuno hicho nimekisahau kabisa.

Watu wamejaa uani kwetu. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kaja kuchungulia, akauliza, "Hii ni boti?" Nikamwambia, "Mwalimu, hilo ni jakuzi, bafu la mpira la maji ya moto. Mwanangu injinia wa maji ndiye kanitumia." Akalizunguka mara mbili, yeye aliyekupa sufuri ya hesabu. Baada yangu aliyeingia ni Fundi, rafiki yangu wa cherehani, yule aliyekushonea sare yako ya kwanza ya shule. Miguu yake imevimba kwa kukanyaga pedali kutwa. Alikaa nusu saa akatoka machozi yanamlenga kwa raha. Nimempangia kila Jumatano na Jumamosi, bure. Nitamtoza nini mtu ambaye ni ndugu?

Sasa nina swali, na usicheke. Kile kidude cheupe chenye marinda kinachokaa kwenye pampu, filta, kilichafuka nikakifua. Si ndiyo kazi yangu? Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi. Na kwa kuwa marinda yalilala, nikayatia wanga yasimame. Yakasimama, ungependa! Nilipowasha pampu povu likapanda, likamwagika, likafunika ua mzima. Shangazi yako alikuwa ndani, tulimpata kwa kufuata sauti. Filta imekuwa uji.

Niambie ninunue ipi. Dukani ziko za kila namna, na muuzaji anachojua ni kuniambia "chukua hii mama, hii ndiyo yenyewe" kwa kila ninayoigusa.

Ni mimi mama yako, ambaye mitaa mitatu mizima inanionea wivu.


19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kiuno kimepata nafuu. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, kazi zinaendelea. Nimecheka habari ya wanga mpaka wenzangu wakaja kuuliza nina nini. Mpe pole shangazi.

Mama, filta si nguo. Usiitie sabuni, usiisugue kwa brashi, nyuzi zake zinachanika. Ioshe kwa mpira wa maji kila wiki, rinda kwa rinda, toka juu kwenda chini, kisha iache ikauke kivulini huku ukitumia nyingine. Ikigeuka rangi au marinda yakilegea, itupe. Ukiwa na watu wengi kama ulivyo wewe, usiivushe mwezi.

Kuhusu kuchagua, zipo za kusokota kama kifuniko cha chupa na zipo za kuchomeka tu. Yako ni ya kuchomeka. Pima urefu, upana wa nje na upana wa tundu la katikati. Ikipungua hata kwa unene wa ukucha, maji yatapita pembeni bila kuchujwa, na wewe utaona pampu inanguruma ukadhani kazi inafanyika. Na usiache kutia dawa ya maji. Dawa inaua vijidudu, filta inakamata uchafu, na filta ikiwa mbovu uchafu unaimaliza dawa nguvu.

Lakini usinunue huko. Nakutumia katoni ya filta kumi na mbili, mpya, nimezichagua kwa mkono wangu. Na hili mama ulishike sana: usipokee kamwe filta iliyotumika kwenye maji ya mtu mwingine, hata ukiambiwa imeoshwa. Uchafu wa watu unajificha chini kabisa ya marinda, na maji ya vuguvugu yanauamsha.

Mwanao.


11 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi, nyingi tena. U mzima? Unakula? Huku hatujambo, magoti ya shangazi yako yanapanda ngazi siku hizi, na katoni imefika! Maboksi kumi na mawili, yanang'aa! Moja nimelifungua, kumi na moja nimeyapanga kwenye kabati la vioo, nimeondoa vikombe vya harusi yangu. Barua yako nimewasomea wanawake wote uani, ule mstari wa "nimezichagua kwa mkono wangu" nikausoma mara mbili.

Ila kuna jambo limenitibua, nikuambie nipumue. Fundi aliomba kuiona filta. Akaishika, akapitisha kidole kwenye marinda, akaigeuza kwenye mwanga. Halafu, mbele ya watu:

"Dada, hii imefuliwa."

"Imefuliwa na nani? Si imetoka kwenye boksi sasa hivi, macho yako yanaona?"

"Na nani sijui. Mimi najua rinda. Rinda jipya lina makali, hili limechoka. Na wewe mfuaji, usiniambie hulioni."

"Ninachokiona hapa ni kijicho."

"Kijicho cha nini, cha hii karatasi?"

"Cha mtoto! Ungezaa wako, naye angekutumia zako."

Neno lilitoka, baba. Unajua Fundi hakujaliwa mtoto. Akaiweka filta juu ya meza taratibu kama mtu anayelaza yai, akaenda zake. Jumamosi alirudi, miguu ilimlazimisha, akaingia majini bila kunisemesha. Nami sikumsemesha. Asiguse jina la mwanangu.

Niandikie upesi, uniambie tu kwamba ni mpya, nimsomee.

Mama yako.


2 Mei

Baba, hujambo? Kimya chako kimenipa wasiwasi, au kikohozi kimerudi? Huku afya si nzuri sana. Fundi kaota vipele mapajani na mgongoni, vyekundu, vina usaha. Hawezi kukalia kigoda, cherehani imefunikwa shuka, na sare za shule alizopewa ashone zimelala kama zilivyokatwa. Shangazi yako naye anavyo, tumboni. Mimi ninavyo viwili vitatu tu, hilo ni joto.

Filta nabadilisha kama ulivyoagiza, dawa natia, vipimo nimepima kwa rula mbele ya Mwalimu. Sasa watu wananitazama. Ni ule wanga wangu umebaki kwenye mabomba? Niambie kosa langu liko wapi, nilirekebishe.

Mama yako.


15 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Poleni wote. Mama, kosa si lako. Mtu mmoja mwenye ngozi mbaya anatosha kuchafua maji yote. Kwa jinsi ulivyoeleza, Fundi ndiye aliyeanza, kwa hiyo inaelekea alikuja nayo. Mwambie akae kando kwa muda. Filta hazina shida, hizo ni mpya kabisa.

Mwanao.


30 Mei

Mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima.

Barua yako ya mwisho niliipokea nikaibusu. Nikatoka nayo mkononi hadi kwa Fundi, nikamwita nje majirani wakisikia, nikamsomea. Nikaongeza na yangu: "Umeniletea uchafu wako kwenye maji yangu, halafu unasingizia filta za mwanangu." Fundi alikuwa amesimama maana hawezi kukaa. Alisema tu, "Sawa, dada," akafunga mlango. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiingia mlango ule bila kubisha.

Jana nikafungua boksi la saba, maana tangu vipele vianze nabadilisha kila wiki. Filta ikaniponyoka, ikagonga sakafu, marinda yakaachana. Chini kabisa, kwenye shina la rinda, kulikuwa na unywele. Nikauvuta, nikauvuta, haukwisha upesi. Mrefu kama mkono wangu, wa kupakwa rangi ya zambarau. Mwanangu, hakuna mtu wa nywele za zambarau katika mtaa huu. Na boksi hilo nililichana mimi mwenyewe, gundi yake ilikuwa nzima.

Nikayashusha yote kabatini, nikakaa chini na kitambaa cheupe na mwanga wa dirisha, kama nilivyokuwa nikikagua mashuka ya watu kabla ya kuyarudisha. Moja ina kipande cha plasta ya kidonda. Nyingine ina mafuta ya mwili, ukiisugua kidole kinateleza. Zote, baba, zote zimefuliwa. Fundi aliona kwa kidole kimoja. Mimi niliona pia. Siku ile ile niliona, nikajifanya kipofu kwa sababu ulisema ni mpya.

Sikuulizi mengi. Jibu moja tu: ulijua?

Mama.


27 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Nilijua. Mimi si injinia, mama. Niko uani nyuma ya duka linalouza filta, nashika mpira wa maji kutwa. Watu wakileta filta kuukuu ili wapunguziwe bei ya mpya, bosi anaagiza zisitupwe. Nazilowanisha kwenye dawa, naziosha, nazianika, mwenzangu anazitia kwenye maboksi na kuyagundisha. Mpya zinafungiwa ndani, mimi siruhusiwi hata kuzigusa. Kikohozi kinatokana na ile dawa.

Uliposema umewaambia watu wote kwamba mimi ni injinia wa maji, niliona aibu kukujibu kwamba siwezi kukupatia hata filta moja mpya. Nilichagua zile safi kuliko zote. Hilo ni kweli, mama, nilizichagua kwa mkono wangu. Na jakuzi nililinunua jipya, naapa.

Nakuomba zichome zote. Usimwambie mtu. Ukinitangaza, huko nyumbani sitaweza kukanyaga tena, na bosi akisikia nimekwisha. Kwa Fundi tutatafuta namna, nitamtumia kitambaa kizuri. Nilikuwa nimepanga kuja likizo mwezi wa nane, ila sasa sijui.

Mwanao anayekupenda.


12 Julai

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa mama yako mzima. Kikohozi hicho nenda hospitali, usingoje. Naanza na hilo kwa sababu bado nimekuzaa mimi.

Sasa nisikilize. Usinitwike mimi. Kweli nilitamba. Nilitamba ulipoota jino, nilitamba ulipofeli hesabu nikasema mwalimu hajui kusahihisha. Hiyo ni tabia yangu na nitakufa nayo. Lakini ungeniandikia, "Mama, mimi nafua filta," ningetoka na barua ile ile uani nikawaambia, "Oneni, kazi yangu imerithiwa!" Ungenionea haya mimi? Mimi niliyekulisha kwa mashuka ya watu? Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuchukua nguo ya mtu nikaipiga pasi, nikamuuzia mwenzake nikasema ni mpya.

Unajua kinachonikosesha raha? Si filta. Bosi alikuamrisha uoshe, ukaosha, mtu ana njaa. Lakini nani alikuamrisha kuniandikia "Fundi alikuja nayo"? Bosi wako hamjui Fundi. Wewe unamjua. Alikupima mabega ukiwa na miaka saba, akaacha nafasi kwenye mikono ya shati ili ukue nayo. Sentensi ile uliitoa mwenyewe, ukaiweka mdomoni mwangu, nami nikaenda kumpiga nayo mlangoni kwake. Sasa unasema jakuzi ni jipya, unaapa. Nami nimekaa nalitazama na siwezi kukuamini, baba. Hata nikitaka. Nimelitoa upepo.

Sizichomi. Juzi nilikwenda kwa Fundi. Nilibisha. Hakufungua, akaongea nami dirishani. Vipele vinakauka, lakini sare zilichukuliwa zikapelekwa kwa fundi mwingine. Nikamwambia kila kitu, pamoja na unywele. Nikamwomba msamaha kwa neno la mtoto, lile kwanza kabla ya yote. Alishika nondo za dirisha. Kisha akasema, "Dada, mlinitukana mbele ya watu, wewe na yeye. Msinitake radhi dirishani." Nikamwuliza, "Nikiwaita watu, utakuja?" Akasema, "Wewe nitakuja kukusikia. Kama yeye hayupo, nitasikia nusu, nitarudi kwangu na nusu."

Kwa hiyo nimewaita. Shangazi yako, Mwalimu, wanawake wote walioingia majini, na majirani waliosikia siku ile nilipokuwa nikisoma barua yako kwa sauti ya juu. Filta zote kumi na mbili, hata zile nilizotumia, zitakuwa juu ya meza, zimefunuliwa marinda. Mimi nitasimama kwanza niseme la kwangu. La kwako sitakusemea. Nimekusemea maisha yako yote, nimechoka, na tazama tulikofika. Kuhusu bosi wako, fikiri mwenyewe ni watu wangapi wanajikuna huko uliko wakidhani ni joto.

Ulisema likizo yako ni mwezi wa nane. Ni uani kwetu, Jumamosi tarehe tisa Agosti, saa nne asubuhi. Nimewaambia wote utakuwepo.

Mama yako.