Siku Mbili za Mama Maria

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Siku ya kumi na moja tangu lori lipinduke barabara ya Kasomeno. Adalbert, mume wangu, bado yuko hospitalini, hajafumbua macho.

Padri amehubiri juu ya watoto: tumwamini Mungu kama wao, bila kupima. Nimejaribu njia nzima ya kurudi hapa mtaani kwetu, Annexe. Nimepima tu.

Abigaïl ana miaka sita na anajua kuomba. Nimeamua kujifunza kwa binti yangu kama nilivyojifunza dactylo, kupiga mashine ya kuandikia, shuleni — kutazama, kurudia.

Jumanne, 8 Oktoba

Kila Oktoba sanamu ya plasta ya Mama Maria huzunguka nyumba za shirika letu la parokia, siku moja kila nyumba. Orodha naiandika mimi, katibu. Leo nimeandika jina letu Jumatano na tena Alhamisi. Alhamisi ilikuwa ya Mama Victorine. Nimemfuta kwa blanco, ule wino mweupe, nikampeleka tarehe 31. Hakuna aliyeuliza.

Anayeamini kama mtoto hahitaji blanco!

Jumatano, 9 Oktoba

Wameileta saa kumi na moja jioni, kwa nyimbo. Aliyeibeba ni Mama Victorine mwenyewe. Akaninong'oneza kwamba ameiona orodha, na kwamba hata yeye angefanya vile vile. Afadhali angenitukana.

Walipoondoka, Abigaïl hakupiga magoti. Alivuta kiti, akamweleza Mama Maria: papa yuko hospitalini, chumba cha pili kushoto, asije akaingia kwa papa wa mwingine. Viatu vya papa vimepigwa rangi, vinamngoja. Basi. Akaenda kula.

Nikakaa kwenye kiti kile kile. Nikasema maneno yale yale. Nilikuwa naongea na plasta.

Alhamisi, 10 Oktoba

Daktari ametuita, mimi na shemeji Pierre. Amesema tuwaite ndugu wa Adalbert walio mbali. Pierre akauliza waje lini. Daktari akatazama saa, si kalenda.

Abigaïl ameuliza papa akirudi atataka bukari, ugali wetu, au wali. Nikasema bukari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saa kumi Pierre alipiga simu. Adalbert amefariki.

Nimeandika. Neno bado haliniingii akilini.

Saa kumi na moja na robo. Wamekuja kuchukua sanamu. Hawajui. Abigaïl hajui. Amekumbatia sanamu chumbani, mlango ameuzuia kwa kiti. Kupitia mlango ananiambia:

— Mama, ubaambie bangoje. Mama Maria hajamaliza na papa.

Nikatoka nikasema mtoto anavaa viatu. Chisanga, ambaye leo ni zamu yake, akatania kwamba kwa mama katibu hata mgeni wa mbinguni anafungiwa ndani. Wakacheka. Mama Victorine hakucheka. Alinitazama usoni, akawaambia waimbe.

Nimerudi mezani. Najua la kufanya: kufungua mlango, kumwambia mtoto, kuwaambia wao. Kwa mpangilio huo. Mkono unaandika tu.

Sasa kiti kimesogezwa. Abigaïl amesimama mbele yangu na sanamu mikononi. Anasema amefikiri. Labda Mama Maria anangoja watu wawili.

— Na wewe ulimuomba, Mama? Kabisa?

Nje wanaimba ubeti wa tatu. Anangoja. Hatazami daftari, ananitazama mimi —