Yustina Amekwenda Kujifunza Mashine

Kaka Ferdinandi,

Leo ni Jumapili jioni. Nimetoka kanisani, nimevaa sweta na bado nasikia baridi. Upepo wa huku juu unaujua. Kila ulipopanda kutoka kwenu Milepa, kule bondeni, ulilalamika kwamba Sumbawanga iliumbwa kwa ajili ya watu wenye mablanketi. Mezani nina madaftari ya kidato cha pili, yamenisubiri tangu Ijumaa. Nimeyasogeza pembeni nikuandikie wewe. Mtu akiniuliza kwa nini namwandikia aliyekwisha kuzikwa, nitamjibu hivi. Nimechoka tu, na katika uchovu huu mtu ninayetaka kumweleza mambo ni wewe.

Nianze na kikundi chetu. Tangu ulipotutoka wakati wa mvua, sisi walimu tunaowashauri watoto juu ya masomo na kazi tumekutana kwa shida, na kila tukikutana tunapungua. Mafuta yameadimika. Lori la Kasanga siku hizi halina siku wala saa. Ofisi ya elimu imesema mikutano yetu ni mizuri, ila tuifanye siku za mapumziko na tusiombe gari. Wengine wamehamishwa, wengine wana mashamba ya kijiji na ya shule, wanarudi nyumbani jioni hawana hata nguvu ya kusalimia. Kuna Jumamosi tulikuwa wachache hata darasa likaonekana kubwa. Tukala maharage, tukatazamana, tukaagana. Nilipofika nyumbani nilijiambia basi, kikundi kimekufa na mwenyewe.

Hata ulipokuwa hai, wapo waliotuona tunapoteza wakati. Mwalimu Pankrasi wa Mwimbi alikuwa wa kwanza. Alizoea kusema, "Serikali ndiyo inayopanga nani aende sekondari, nani chuoni, nani abaki kijijini. Sisi tunashauri upepo." Wewe hukumkatalia. Ulimjibu kwa upole, "Basi mzee wangu, na tuujue vizuri huo upepo, maana watoto ndio unaowapiga." Akanuna, lakini mkutano uliofuata akaja tena. Nilikuwa nadhani anakuja kwa ajili ya maharage.

Wewe ndiye uliyeanzisha ule utaratibu wa kila mwalimu kuja na habari ya mtoto mmoja aliyemshinda. Bila kutaja jina. Unasema mtoto alikuwa na shida gani, ulimwambia nini, naye alijibuje, kisha wenzako wanasema wao wangefanyaje. Mwanzoni tuliona haya. Tulizoea semina, mtu mmoja anasimama mbele na wengine wanaandika. Kusema mbele ya wenzako kwamba mtoto aliondoka kwako analia, na wewe ni mwalimu mshauri, si jambo dogo. Lakini wewe ulianza na wa kwako, na baada yako hakuna aliyeweza kujifanya hodari.

Nakumbuka siku ulipokaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, na mwili wako wote ule, magoti yanakaribia kidevu. Ukasema wewe ni mtoto uliyemaliza la saba na hukuchaguliwa, mimi nikupe habari. Nikaanza. Nikasema juu ya taifa, juu ya kilimo, juu ya mchango wa kila mmoja wetu. Wewe kimya. Nikaongeza mengine. Wewe kimya, umeinamisha kichwa. Wenzetu wakaanza kucheka, halafu wakaacha, kwa sababu kimya chako kilikuwa kama cha watoto wenyewe. Mwisho ukainua uso ukasema, "Dada Tusekile, umenihutubia. Mimi nilikuwa nangoja uniulize kama nimekula." Nilikasirika. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikikujibu moyoni.

Na safari ya Kasanga, kule bandarini ziwani, je? Ulituburuta wote, ukasema hatuwezi kumweleza mtoto kazi ambayo hata harufu yake hatuijui. Tukawatazama wapakiaji wakihamisha magunia ya kwenda Kongo, tukaongea na karani, tukaongea na fundi wa boti. Halafu wewe mwenyewe uliyetupeleka ukapanda mtumbwi ukatapika kabla haujaondoka ufukweni. Mwalimu Pankrasi alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona akicheka hivyo tena.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yametoka. Jina la Yustina halimo.

Nimeliandika hivyo kwa sababu wewe hukupenda kuzungushwa. Binti yako alifanya mtihani miezi michache baada ya kukuzika. Amekosa, kama walivyokosa wengi. Nilipopata habari nilikaa kwenye ngazi za ofisi, nikasikia mwenzangu mmoja anaulizwa, "Huyu mama wa Kinyakyusa anaumwa?" Nilijua lazima nishuke Milepa. Hakuna aliyenituma. Lakini kama si mimi, nani?

Nikapata nafasi katika lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Tulipoanza kuteremka milima ya Lyamba lya Mfipa nikavua sweta, na tulipofika bondeni nilikuwa nimelowa jasho. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nayo mazuri, kaka. Yote tuliyojifunza pamoja nilikuwa nayo.

Yustina alinipokea kikapu. "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia. Akanipa maji ya kunywa, akakaa, akaendelea kuchagua mchele kwenye ungo. Nikatambua kwamba anajua. Walisomewa majina mstarini, wenzake wote wakisikia. Maneno yangu yote yakaniishia. Nikavuta kigoda nikachagua mchele naye, tukawa tunatupa mawe na chuya mlangoni, kuku wanakimbilia.

Baadaye akaniuliza bila kunitazama, "Baba alikuwa akiwaambia nini watoto wengine?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hukuwa na neno moja la kuwaambia wote. Ulikuwa ukikaa nao kwanza.

Akasema, "Basi kaa, mwalimu. Ugali uko karibu."

Nikala ugali wa mchana ule na samaki wa Rukwa, pamoja na mama Yustina aliyerudi kutoka shambani. Amekonda. Anafanya kazi za watu wawili, shamba la kijiji na la kwake. Aliniuliza tu, "Sasa huyu mtamfanyaje?" Alisema mtamfanyaje, kama vile kikundi chetu kina ghala la nafasi za watoto. Nikasema nitakwenda kuongea na wenzangu.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Yustina siku zake anazipitishaje tangu amalize shule. Akasema anachota maji ya mashine. Sikuelewa. Akaeleza kwamba mashine ya kusaga ya kijiji inahitaji maji ya kuipoza, na yeye ndiye anayeyabeba, mtu wa mashine anamruhusu kukaa pale na kutazama. "Inapokohoa ndiyo naipenda zaidi," akasema, "maana inabidi waifungue." Uso wake ulibadilika kidogo. Nikaona, lakini nilikuwa nimechoka, na dereva alikuwa anapiga honi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wengi, sijui kwa nini. Labda habari ilikuwa imetembea. Nikasema nina mtoto aliyenishinda. Sikutaja jina, na kila mtu alijua. Pankrasi akasimama, mikono nyuma, akasema jambo liko wazi. Serikali inataka walimu wa vijijini, inawachukua waliomaliza la saba, wanafundishwa huku wanafundisha. Mtoto wa mwalimu awe mwalimu. Tukakubali wote. Kaka, ungeona tulivyofurahi. Tulikuwa tumeshamvisha Yustina viatu vyako.

Ni Mwalimu Abdallah, yule ambaye watu wa kwao wana duka na malori pale mjini, aliyeuliza, "Na mtoto mwenyewe amesema anataka nini?"

Ndipo nikasimulia habari ya maji ya mashine. Mmoja akacheka. Abdallah hakucheka. Akasema kaka yake ana gereji, hutengeneza malori na huitwa vijijini kufungua mashine za kusaga, na kila mara analalamika kwamba vijiji vimepewa mashine bila watu wa kuzijua. Ikifa, kina mama wanarudi kwenye kinu. "Hajawahi kumfundisha msichana," akasema. "Lakini nitamuuliza. Atalala kwa shemeji yangu, pamoja na mabinti zake."

Pankrasi akasema huo ni mzaha. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaafikiana kwamba wawili tushuke tumwulize binti mbele ya mama yake, tumpe yote mawili, achague. Nilidhani nitaongozana na Abdallah. Pankrasi akasema, "Nitakwenda mimi. Nyinyi hamjui kuongea na Wafipa." Nikaomba Mungu anipe subira.

Kaka yake Abdallah alipokubali, tukashuka. Pankrasi ndiye aliyeanza, na sina budi kusema aliueleza ualimu vizuri, kwa haki, hakumtisha mtoto. Kisha mimi nikaeleza gereji, na sikuipamba. Nikasema habari ya mafuta meusi, ya vyuma vizito, ya mafundi wanaume watakaomcheka. Yustina akatusikiliza. Akasema, "Ualimu sitaki." Mama yake akamuuliza kwa nini, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Baba alikuwa anarudi nyumbani amebeba watoto wa watu wote. Sisi tulikuwa tunamngoja amalize kuwawaza."

Kaka, sijui kama ulilijua hilo. Mimi sikulijua. Nimelifikiri usiku mwingi tangu siku ile. Nina watoto wawili.

Mama Yustina akainuka. Akasema kwa Kiswahili, ili mimi nami nisikie, "Msichana na grisi? Nitawaambia nini watu? Nani atamwoa?" Akaingia ndani. Nikaona tumeshindwa, na lori letu linakaribia kuondoka. Pankrasi akamfuata mpaka mlangoni, akakaa kizingitini, akaanza kuongea naye kwa Kifipa, polepole, yeye nje na mama ndani. Waliongea muda mrefu. Nilisikia jina lako, nikasikia na neno la kinu, basi. Mara moja mama alilia. Mara moja wote wawili walicheka, na nadhani hapo mzee alikuwa anamsimulia ulivyotapika Kasanga, kwa sababu alionyesha kwa mikono. Lori lilituacha. Tukalala kwenu, na asubuhi mama akasema hatamzuia binti.

Njiani siku ya pili nilimuuliza Pankrasi alimwambia nini. Akasema, "Mambo ya kwetu." Mpaka leo hajaniambia, na mimi nimeacha kuuliza. Aliongeza tu kwamba mkutano ujao utakuwa kwake Mwimbi, kwa kuwa walimu wa kule nao wana watoto waliowashinda, na kwamba ameshawaambia waje.

Yustina yuko mjini sasa. Anakaa kwa yule shemeji wa Abdallah, anasaidia kazi za nyumbani asubuhi na mapema, halafu anakwenda gereji. Sitakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Wiki za kwanza mafundi walimpa ufagio. Ameungua mkono kwa bomba la moshi, kidonda kimepona vibaya. Kuna mtu wa kanisani amenisimamisha barabarani kuniuliza kama ni mimi niliyempotosha mtoto wa marehemu. Sijui atadumu. Huenda mwaka ujao akachoka akarudi Milepa, na watu waseme walitangulia kutuambia. Lakini juzi nilipita pale, nikamkuta amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, na kaka wa Abdallah, mwenye gereji, amechuchumaa pembeni akimpa spana, badala ya Yustina kumpa yeye. Sikumwita. Nikapita zangu.

Mama yake amepanda mjini mara moja kumwona. Hajakubali. Amesema hivyo mbele yangu, kwamba hajakubali, anatazama tu. Alikuwa amebeba mchele, samaki wakavu na furushi moja dogo. Akamkabidhi binti yake lile furushi, akaanza kuongea nami habari za mvua. Yustina alipolifungua, ilikuwa suruali yako ya kaki. Mkeo ameipunguza kiuno na miguu, ameitia kiraka magotini, kushona kwa mkono, uzi mweusi. Yustina anaivaa akiwa kazini, na akitoka barabarani anafunga kitenge juu yake.

Kaka Ferdinandi, taa inaishiwa mafuta na madaftari bado yako pale. Siahidi makubwa, kwa sababu nimechoka na wewe unajua sauti yangu ninapoahidi nisichoweza. Naahidi hili: Jumamosi nitakwenda Mwimbi, hata kama ni juu ya magunia. Na kabla ya Jumamosi, leo hii, nitafunga kalamu nikakae na wanangu, niwasikilize wao kabla ya watoto wa watu.

Lala salama huko bondeni kwenye joto ulilolipenda.

Dada yako na mwalimu mwenzako,
Tusekile