Kuhusu Mguu wa Mama Yako

Juu ya Soko la Kikima,
Mbooni, Makueni.
21 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Ndila,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa mzima, unakula na kulala, maana ndugu yako Ben ameniambia hulali. Sisi huku tunaamka. Baridi ya Julai imeisha, jua limeanza kuuma na mvua bado tunaingoja. Ng'ombe amezaa ndama dume. Najua si habari ya kukufurahisha, hata mimi sikufurahi.

Utashangaa kuona barua. Baba gani anaandika barua siku hizi? Simu ninayo, na ina chaji. Lakini nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani unajibiwa jikoni, na haya maneno sikutaka mama yako ayasikie kwanza kwa simu. Binti wa jirani yetu Muthama anarudi huko Doha wiki ijayo. Nitampa akuletee mkononi.

Mama yako anaendelea. Pale walipokata, chini ya goti, pamefunga. Anatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi mlangoni, na juzi alifika hadi kwa kuku, akawatukana kidogo, nikajua nguvu zinarudi. Mguu uliobaki anaukagua kila jioni kwa kioo changu cha kunyolea, vile muuguzi alimfundisha, kwa sababu sukari iliua hisia kwenye nyayo zake kitambo. Siku hizi hata akienda mlangoni tu anavaa kiatu kilichofungwa. Ni kile cheusi alichokuwa anabeba kwa mfuko Jumapili, anatembea na patipati hadi langoni mwa kanisa, halafu anabadilisha hapo. Sasa anavaa kimoja tu, kila siku.

Lakini kuna kitu kinamla, na ni wewe. Tangu Mei hujaongea naye. Akikupigia hushiki, unamtumia salamu kupitia kwa Ben. Ben akipiga kutoka Kitui, swali la kwanza ni, "Ndila amesema nini?" Ameanza kuamini kwamba unamwonea kinyaa. Wiki iliyopita aliniomba nimtafutie rinda refu la kufika chini kabisa, ndiyo ukija Desemba usione. Nikasema nitatafuta. Sikuwa na roho ya kumwambia kwamba ulimwambia Ben huji.

Najua kwa nini huji. Uliniambia mwenyewe siku ile, ukilia hadi simu ikakatika. Ulisema ni zile patipati za zambarau ulizomletea mwaka juzi, laini kama mandazi. Kwamba mwenye sukari hapaswi kuvaa kiatu cha wazi, na wewe ndiye uliyemvisha.

Mwaitu, yaani mama, nakuita hivyo kwa sababu una jina la mama yangu, na mama yangu sijawahi kumdanganya nikafaulu. Si patipati zako. Ni mimi.

Sisemi patipati ni kiatu cha maana. Muuguzi alitueleza wazi: kisigino kinapasuka, vidole vinajikunja vikijaribu kuishika isitoke, mwiba unapita, kijiti kinapita. Ni kweli, na alitakiwa kuziacha siku ile alipoambiwa ana sukari. Alijaribu kuziacha. Mimi ndiye niliyemzuia.

Wewe unanijua. Redio yetu imefungwa kwa mpira wa tairi, ndoo ina kiraka cha plastiki niliyoyeyusha, na mkinicheka nawaambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mwezi wa nne kamba ya patipati ya kulia iling'oka, ile inayopita katikati ya vidole. Mama yako akasema, "Baba Ndila, hii imeisha. Wacha nivae kile kiatu cha kanisa." Aki ya Mungu alisema hivyo. Mimi nikamwambia kiatu cha kanisa kitaliwa na vumbi, lete hiyo hapa, ni kazi ya dakika mbili. Nikachukua msumari, nikaupitisha chini ya kile kifundo cha kamba ndiyo kisirudi kung'oka, nikaikunja ncha kwa jiwe na kuizamisha ndani ya soli. Vile kila mtu hufanya huku. Nikampa, nikajiita fundi, tukacheka.

Kila akipiga hatua ile soli ilikuwa inajikunja, na ncha inapanda. Yeye hakusikia kitu. Alienda nayo shambani, akaenda nayo kisimani, akashuka nayo Kikima siku ya soko na kurudi. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye saruji. Nikamuuliza, akageuza unyayo, akaona tundu chini ya kidole gumba, akasema ni mwiba. Tukaosha kwa maji ya chumvi. Siku tatu nne hivi, mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Tulipofika hospitalini Wote vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Siku waliyomkata nilirudi nyumbani kumchukulia leso. Nikaziona patipati chini ya kitanda, nikaingiza mkono nizitoe, ncha ikanichoma kidole. Nilikaa chini sakafuni, Ndila, nikalia kwa sauti, mzee mzima. Halafu nikaung'oa ule msumari nikautupa chooni.

Jioni hiyo ndiyo ulipiga ukisema ni wewe. Na mimi, baba yako, nikasema, "Mambo ya Mungu hayo, mwanangu." Nikakuachia uubebe ule mzigo. Miezi minne! Kila Ben akiniambia hulali, nilijiambia kesho nitasema. Kesho ikifika, nakumbuka kwamba mimi ni mzee wa kanisa, watu wanakuja kwangu kupatanishwa, nafunga mdomo. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, na walioumia ni nyinyi. Nimeona haya hata kujinyoa, kwa sababu ni lazima nijiangalie.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika jana. Nilitaka kufunga bahasha. Lakini nikaona huo nao ni uoga, kumwambia aliye mbali na kumficha ninayekula naye sahani moja. Kwa hivyo leo asubuhi, baada ya uji, nilimsomea mama yako barua yote hadi hapa.

Nilipofika kwenye msumari alikuwa anaangalia kuku. Nikamaliza, nikasimama nitoke. Ndipo akauliza, "Kwa hivyo mtoto hanionei kinyaa?"

Nikasema hapana, hajawahi.

Akalia, Ndila. Tangu wamkate sijamwona akilia hivyo. Alipotulia akaniambia, "Msumari nimekusamehe, Kitonga. Ulikuwa unanitengenezea kiatu. Lakini hiyo miezi minne ya mtoto wangu si yangu kusamehe. Mwombe mwenyewe." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu wewe uzaliwe. Na tangu wakati huo hajasema na mimi neno lingine, na simlaumu.

Kwa hivyo naomba. Nisamehe, mwanangu. Nilikuona unazama nikakaa ukingoni kwa sababu ya heshima yangu. Ukichukua mwaka, chukua mwaka. Ukiona huwezi, nitaelewa pia.

Ben anakusalimu, na watoto wake. Shangazi yako Kalondu anasema amekuwekea maharagwe ya msimu uliopita. Msalimie pia Ismahan mnayekaa naye, mwambie namshukuru kwa vile anakulazimisha kula. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka, akurudishie usingizi niliokuibia.

Mimi usinijibu kama hutaki. Lakini mpigie yeye. Amekaa mlangoni na simu mapajani, anaibonyeza kila mara kuona kama imezima. Nimemweleza kwamba barua haijaondoka hata hapa mezani, kwamba itakufikia wiki ijayo, na hakuna haja ya kungoja leo. Amenigeuzia mgongo na kuendelea kungoja.

Ni mimi baba yako, anayekupenda na aliyekukosea,

Kitonga