Kipande Chako Kimerudi, Mama

Mama,

Kipande chako kimerudi. Nimekiweka juu ya kabati lako, nimekizungushia kanga yako ya zambarau, na Rukia kila akipita anakiamkia. "Shikamoo, mama." Nacheka, halafu nalia.

Nianze mwanzo, usije ukasema naruka-ruka kama kawaida yangu. Ulipokatwa titi, Mjomba alilichukua akalizika makaburini pale Mtoni, kama desturi yetu. Lakini daktari wa maabara, yule mwembamba uliyekuwa ukimsihi ale, aliomba abaki na kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha, akigandishe ndani ya nta. Ulinuna. "Mie siendi mbele ya Mungu nimepungua." Akakueleza kwamba huenda maradhi yaliyomchukua bibi na mama mkubwa yanarithiwa, na bila kitu cha mgonjwa mwenyewe hawatajua watafute nini kwa watoto. Ukanitazama mimi, ukamtazama Rukia. "Haya, chukueni. Mkimaliza, nirudishieni changu."

Wamemaliza, mama. Kilisafirishwa ng'ambo pamoja na damu zetu, maana mashine hizo hapa hazipo. Daktari alinichorea. Wanatoa vinasaba kwenye nyama, mashine inanakili sehemu wanayoitaka mpaka iwe nyingi, kisha wanaipitisha kwa umeme kwenye kitu kama jeli. Mwisho unaona mistari. Sehemu yenye kasoro kwetu ni fupi kidogo, kwa hiyo inakimbia mbele. Chako kilionyesha mistari miwili, ule mzima na ule uliotangulia.

Rukia ana mmoja tu. Ule mzima.

Unajua alivyokuwa akimzungusha mchumba wake Salum, eti hazai mtoto wa kuja kumwachia watu. Daktari alisema bila kipande chako, picha ya Rukia isingetuambia chochote. Wasingejua kama amesalimika au wao ndio wametafuta mahali sipo. Rukia alilia pale koridoni mpaka nesi akampa pole ya msiba. Siku hizi anauza mitumba yake Buguruni huku anaimba, sauti ileile mbaya. Ndoa ni baada ya mfungo. Ahsante, mama. Nakosa neno kubwa kuliko hilo.

Mimi nina miwili, kama wewe.

Niliogopa, sikufichi. Hata sasa naogopa nikioga. Lakini kuwa na mstari ule si kuwa na ugonjwa. Wewe ulifika hospitali maradhi yameshakula. Mimi napimwa nikiwa mzima, na daktari ananikagua kama anatafuta sindano. Hilo nalo umenipa wewe.

Daktari wa maabara aliniomba kipande kibaki kwanza. Mabinti wa mama mkubwa wanataka kupimwa, na damu yao lazima ilinganishwe na kitu chenye kasoro hiyo. Nikamwambia mama alitoa kwa ahadi. Nikakunja mkono wa gauni, nikamwambia achukue changu, kasoro ni ileile. Akaenda kuleta sindano.

Kesho baada ya adhuhuri Mjomba atakuzikia kipande chako ubavuni pako. Sasa hujapungua, mama. Pumzika. Mabinti wa dada yako wakija kupimwa, nitasimama mimi mahali pako.

Mwanao,
Mwanaidi